Mfungo Nilioipangia Insulini

Sababu ya safari ile ya hospitali ilikuwa hekima yangu, na naisema mapema ili asilaumiwe mwingine. Kanisa letu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale lilitangaza mfungo wa siku tatu, maji tu. Mke wangu, Mama Neema, ana sukari. Hujichoma insulini asubuhi na jioni tangu usichana wake kule Uvira. Akaniuliza afanyeje. Mimi ni shemasi, sijawahi kukosa jibu.

"Sukari inatoka mu chakula," nilimwambia. "Kama haukuli, sindano ya nini? Nayo ifunge."

Nikakifunika chungu chenye mchanga wa majimaji anamohifadhi dawa yake isipate joto, nikakiombea.

Siku ya pili alikunywa maji nusu ndoo. Waumini walisema ni kiu ya kiroho, nikaitikia amina. Siku ya tatu asubuhi alitapika, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Hapo hekima iliniishia, nikaogopa kweli.

Saa tatu, zahanati ikatuandikia karatasi ya kwenda hospitali ya Mbarara. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama mwenye uchungu wa kuzaa, basi tukapanda pikapu ya mahindi.

Tulipofika Kabingo, dereva alisimama kupakia gunia jingine. Nikamkumbusha kuwa nina mgonjwa.

"Mzee, hata mahindi iko na mwenyewe," alijibu.

Nilimtukana, mimi shemasi, mbele ya waumini wawili waliokuwa juu ya magunia. Gari likaondoka.

Saa sita tuliingia Mbarara. Tulipokelewa na nesi, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake cha jeshi kilinisimamisha wima.

"Nani alimwambia aache dawa?"

"Tulikuwa mu mfungo, Madamu. Hakukula."

"Na wewe ulikula?"

"Hapana."

"Basi mwili yako ilitengeneza insulini siku zote tatu, hata ukilala. Mtu asipokula, daktari anapunguza dawa, haachi. Wewe hukufunga insulini hata dakika moja, bwana sebo. Ulifungisha huyu tu."

Alitundikiwa dripu na kurudishiwa insulini, nami nikakaa kando hadi mke wangu alipofumbua macho kesho yake. Nililia bila haya. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Chungu ulikimwagia maji?"

Sikuwa nimekimwagia.

Tulirudi na dawa mpya ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, nikiipakata njia nzima. Jumapili kanisa lilishangilia: mfungo umemponya! Mchungaji akamwita mbele atoe ushuhuda.

Mama Neema alisimama, akafungua kitenge, akatoa sindano, akajichoma tumboni mbele ya kwaya nzima.

"Bote muko mu hii kanisa munatumia insulini kila siku," alisema. "Ya kwenu inatoka mu mwili, haionekane. Yangu njo hii munaonaka mu sindano. Sasa lazima nikule. Shemasi, lete ndizi."

Nikaenda kuzileta, mbio.