Pole Yangu Iko Wapi?

Mwenye hoteli ameniletea karatasi na kalamu, ati niandike kwa nini wageni wetu wanajisikia wako kwao, aibandike vyumbani. Mimi! Shule niliiacha na kamasi puani, herufi naziokota moja moja, na tangu asubuhi nimeshatandika vitanda kumi na vinne. Haya, naandika. Lakini akibandika, abandike yote, asikate hata neno.

Miaka thelathini na moja niko hapa. Najua nani ana mguu mbovu asipandishwe ghorofani, nani anataka mito miwili, nani hataki dirisha lifungwe. Lakini kabla ya shuka na mto kuna neno. Mtu akiingia na begi lake, vumbi mpaka kwenye kope, namwambia, "Pole na safari." Hujibu, "Nimeshapoa, mama," na mabega yanashuka hapo hapo. Ufunguo atapewa baadaye. Huyo ameshafika.

Basi mtoto wa mwenye hoteli akarudi kutoka kwenye kozi yake, akafanywa meneja. Mtoto huyu nimembeba huku nafua foronya, na mgongo wangu kaulowesha si mara moja wala mbili. Wiki ya kwanza tu akatukusanya.

"Kuanzia leo, hakuna kumwambia mgeni pole. Pole ni kukiri kosa. Mgeni ataanza kujiuliza tumemkosea nini. Semeni: Karibu, umechagua mahali sahihi."

Nikamuuliza, "Mwanangu, ukienda msibani ukasema pole, ndiyo kusema wewe ndiye uliyeua?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye akanuna. "Bibi, hapa kazini mimi ni meneja."

"Na mimi hapa kazini ni nani? Ndoo?"

Kesho yake nikampa pole mgeni wa kwanza, na wa pili, na wa tatu nikampa kwa sauti. Ikaja barua ya onyo. Niliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka jasho likanitoka: nitie sahihi kwamba neno hilo sitalisema tena. Nisipotia hadi Ijumaa, nirudishe funguo za stoo niende zangu. Mimi, nifukuzwe kwa pole!

Alhamisi alasiri akaingia yule muuza spea tunayemwita Bwana Boriti kwa urefu wake. Huyu anakuja kila mwezi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, mashuka yamenifika kidevuni, sikuwahi kufungua mdomo. Kaunta yuko meneja mwenyewe.

"Karibu, umechagua mahali sahihi!"

Bwana Boriti akageuka nyuma kuangalia kama anaambiwa mtu mwingine. "Miaka kumi na tisa nalala hapa, ndiyo leo naambiwa nimechagua? Pole yangu iko wapi?"

"Kuna tatizo, mheshimiwa?"

"Pole yangu."

"Kwani tumekukosea wapi?"

"Hapo hapo!"

Meneja akatoa fomu ya malalamiko, maana kozi ndivyo ilivyomfundisha. Bwana Boriti akavaa miwani, akaandika taratibu huku anasoma kwa sauti: "Lalamiko: sikupewa pole. Unataka tufanye nini: nipeni."

Sikungoja. Nikapaza sauti kutoka juu, "Pole na safari, baba!"

"Nimeshapoa, mama!" Akachukua ufunguo, akapanda.

Mnadhani kijana alielewa? Wapi! Fomu kaitia kwenye faili, kafunga kabati. Barua yangu bado iko kaunta, na leo ndiyo Ijumaa yenyewe. Sahihi sitii. Jina langu ndilo neno pekee ninaloliandika bila kukosea, sitalichafua kwa upuuzi ule.

Na wewe unayesoma hapa, umejinyoosha kwenye shuka niliyoinyoosha mimi, hebu inuka. Fomu ziko kaunta, kalamu imefungwa kwa kamba. Kaandike: sikupewa pole. Na ukishuka usiponikuta kwenye ngazi, andika mbili.