Folda ya Mzee Bomba

Bi Masjala alibandikwa jina hilo enzi za majalada ya karatasi, na kompyuta zilipoingia idara ya maji hakuna aliyethubutu kumbandua. Barua pepe zote za wananchi zilishukia kwenye seva, na ni yeye aliyeiwekea kanuni za kuzichambua: maombi folda hii, ankara folda ile. Ni kazi ambayo ikienda vizuri, hakuna anayekumbuka kama upo.

Mwaka jana bosi alichoshwa na mzee mmoja wa mtaa wa bondeni, aliyeandika kila siku kuhusu bomba lililopasuka. Badala ya bomba kuzibwa, akaagiza mzee ndiye azibwe mdomo. Bi Masjala akatii. Kila kilichotoka kwenye anwani ile kikaangukia folda ya "Mzee Bomba", kikawekwa alama kwamba kimesomwa, na hakuna jicho lililokigusa.

Alhamisi moja asubuhi, fundi wa kompyuta alimwambia seva imejaa pomoni, afute folda zisizo na kazi. Ya Mzee Bomba ilikuwa na barua mia nne. Kidole kikiwa kwenye kitufe, moyo ukasita. Akafungua moja.

"Fundi, njoo uone. Mzee wetu ana miaka ishirini na miwili, anaomba kazi ya kuendesha pampu."

"Basi huyo anazeeka kinyumenyume."

Wakacheka. Barua ya pili ilikuwa ya binti mwenye cheti cha umeme, ya tatu ya mjane. Kicheko kikakatika. Kule bondeni karibu wote huandikiwa na mama mmoja mwenye kibanda cha uchapaji, naye hutuma kila kitu, malalamiko ya mzee yakiwemo, kutoka anwani yake hiyo hiyo moja. Waombaji kumi na mmoja walikuwa wamezikwa humo. Orodha ya usaili wa nafasi mpya za idara ilikuwa imefungwa saa nne asubuhi hiyo, na dakika chache zilizopita bosi alikuwa amebeza kikaoni kwamba watu wa bondeni ni hodari wa kulalamika, kazi hawaombi.

Bi Masjala akazichapa barua zote kumi na moja, akapanda ngazi huku magoti yakimlaumu.

Bosi alisema muda wa kupokea maombi umekwisha. Bi Masjala akamwonyesha tarehe ya seva juu ya kila karatasi: zilifika wiki mbili kabla. Waliochelewa hawakuwa watu wa bondeni.

Bosi akakuna kidevu. Mwishowe akakubali majina yaingie, ila yaandikwe maelezo kwamba mtambo ulipata hitilafu.

"Mtambo haukukosea, bosi. Ulifanya nilichouambia."

"Mama, umebakiza miaka miwili ustaafu. Usijitafutie makubwa."

Hilo alilijua fika. Akashuka, akaifuta ile kanuni, akaandika maelezo yenye mistari miwili na nakala kwa bodi: "Niliagizwa nimzuie mtu mmoja asisikike. Nikauzuia mtaa mzima."

Akatia sahihi. Kisha akapiga simu kibandani, akamwomba yule mama awaarifu wote kumi na mmoja: Jumatatu saa mbili kamili, na vyeti vyao mkononi.