Mchimba visima anayeficha sauti ya maji

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ng'ombe hawajateremshwa kunywa, Bura Margwe anapiga magoti kwenye kinamasi cha kitongoji chao, kata ya Dirma wilayani Hanang. Anasukuma mtaimbo ndani ya tope, analaza sikio kwenye chuma na kufumba macho. Kisha anatikisa kichwa.

"Hapa pamekufa," anasema. "Mwaka jana palikuwa panaongea."

Bura, 61, ni mchimba visima. Baba yake alimfundisha kuyasikia maji yakitembea ardhini kwa mtaimbo, na ni lazima awahi, maana ng'ombe wakianza kukanyaga husikii kitu.

Miaka sita iliyopita sikio hilo lilimkutanisha na Judica Theodory, msanii wa sauti kutoka Arusha, aliyekuja na maiki za kuzamisha majini. Bura alimwonyesha pa kuzitumbukiza. Walinasa wadudu wakikwaruza mizizi ya matete na viputo vikipanda kutoka topeni. Sauti hizo zilipigwa ukumbini mjini, watu wakisikiliza gizani, wamelala kwenye mikeka.

"Wengine walilia," anakumbuka Bura, aliyealikwa kusikiliza. "Nikajiuliza, wanalia nini na maji yapo?"

Sifa zilifika kijijini kabla yake. Wakulima wa vitunguu wakapanga foleni mlangoni, kila mmoja akitaka aonyeshwe pa kuchimba. Akawaonyesha. Kwa misimu miwili ya kiangazi vilichimbwa visima 23 kuzunguka kinamasi, kila kimoja na pampu yake.

"Nilivimba kichwa," anasema bila kujitetea. "Masikio yangu yaliniambia mshipa ni mmoja, wote wananyonya hapohapo. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa napigiwa makofi."

Leo visima 19 ni vikavu, na pampu za vinne vilivyobaki bado zinavuta maji ya vitunguu. Kinachouma zaidi ni kwamba hakuna anayemlaumu kwa hilo. Wanamlaumu kwa kuacha kuonyesha.

Tukiwa bado pale, jirani yake Rahel anapita na ndoo tupu.

"Shikamoo baba. Bado hujatupatia hata mahali pamoja pa kuchimba?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna."

Rahel anaguna na kuendelea na safari yake ya saa mbili kwenda kuteka. Bura anamtazama mpaka anapotoweka machoni.

"Nimemdanganya," anasema.

Anatoa rekoda aliyoachiwa na Judica na kutuvalisha hedifoni. Viputo vinapanda. Kitu kidogo kinakwaruza mzizi. Sauti hii aliinasa Jumatatu iliyopita, mahali pekee pasipo na kisima palipobaki hai.

Mwezi ujao atasimama kwenye mkutano wa kijiji kuomba pampu zizimwe hadi kinamasi kirudi. Judica ataleta spika. Watu watasikilizishwa kinamasi cha miaka sita iliyopita, kisha kimya cha leo.

Na hii ya Jumatatu?

"Hii siipigi. Wakiisikia, kesho watakuja na majembe."

Anachomoa mtaimbo na kufukia tundu kwa kisigino, ingawa hapa hapana tena cha kuficha.

"Andika vyote," anasema. "Ila usiandike kwamba pamebaki mahali. Rahel anajua kusoma."