Miaka Kumi na Minane Nikiitwa Antena

Mmewahi kuona watu wazima arobaini wamevua viatu, wamekaa sakafuni, wanaivisha televisheni shada la maua?

Mimi nimeona. Na mara mbili imewazimikia usoni, dakika ileile, kipindi kilekile. Kati ya mara ya kwanza na ya pili imepita miaka kumi na minane.

Mnaocheka, chekeni polepole. Yamenikuta mimi.

Jina langu la cheti ni Nachiket. Lakini hapa Bhusawal, India, kwenye uchochoro wetu nyuma ya karakana ya reli, ukimuulizia Nachiket utaambiwa huyo kahama.

Uliza Antena. Hata mbwa atakupeleka mpaka mlangoni.

Ilikuwa mwaka 1992, nina miaka minane. Uchochoro mzima ulikuwa na televisheni moja, ya bibi yangu, Bibi Godavari. Babu alikuwa dereva wa treni. Alipofariki na reli ikatoa kiinua mgongo, ndugu wote wakaja na ushauri. Bibi akawasikiliza, akawapa chai, akaenda sokoni akarudi na televisheni yenye milango ya mbao kama kabati.

Ndugu wakasema mjane kachanganyikiwa.

Jumapili iliyofuata, saa tatu asubuhi, ndugu haohao walikuwa wanagombea nafasi sakafuni.

Kipindi kilikuwa Kikombe cha Vasanti. Binti mfalme Vasanti, ami yake mwovu anayetaka kiti cha enzi, na miungu inayoteremka kwenye wingu la pamba. Ukikiona leo utachoka. Bahari ilikuwa shuka la bluu linalotikiswa na watu wawili, na mmoja wao mguu unaonekana. Radi ilikuwa mtu kapiga sinia. Mishale ilikutana hewani, ikasalimiana kwanza, ndipo ikapigana.

Enzi zile hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanaoga kwanza ndio waje. Mama Shevanta, jirani yetu muuza achari, alikuwa anaoga mara mbili, asije mungu akamwona na harufu ya haradali.

Viatu mlangoni. Kimya. Bibi anafungua ile milango ya mbao, anafuta kioo, anavisha shada la maua ya njano, anachoma udi, anazungusha taa ya samli mbele ya televisheni. Watu wamefumba macho, mikono kifuani.

Hapo hapo linaanza tangazo la sabuni, watu bado wamefumba macho. Kuna wazee wa mtaa huu wamebarikiwa na sabuni ya kufulia miaka miwili mfululizo na hawajui.

Kitu kimoja mkishike. Kwetu mjane haitwi mbele kwenye jambo la heri. Harusini anakaa jikoni nyuma, anamenya vitunguu, asije akawatia nuksi maharusi. Bibi alikuwa amemenya vitunguu vya harusi zote za uchochoro.

Lakini Jumapili saa tatu, nani angemwambia arudi nyuma? Televisheni yake, taa yake, sebule yake.

Mimi nilikuwa mtoto, hayo sikuyaona. Kazi yangu ilikuwa juu ya paa, kushika antena.

"Imekuja?" napiga kelele kutoka juu.

"Bado!"

"Sasa?"

"Imekuja! Ganda hapo hapo! Usipumue!"

Nusu saa nzima nimeganda kama sanamu ya njia panda, kipindi ninakisikia kwa masikio tu. Vasanti sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa kulia kwake.

Ikafika sehemu ya mwisho. Ami kampa Vasanti chaguo: anywe kikombe cha sumu, au akimwage na mdogo wake achinjwe. Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Mzee Dinkar, gadi wa treni mwenye masharubu kama vipini vya baiskeli, alibadilishana zamu na mtu ili awepo.

Nikasikia ngoma. Nikasikia Vasanti anasema, "Mama, nipe nguvu." Kikombe kinapanda mdomoni...

Kikapita kishada cha karatasi.

Chekundu. Kimekatika uzi, kinaelea usawa wa pua yangu. Jamani, nina miaka minane! Nikanyoosha mkono mmoja, mkono wa pili ukaegemea antena, antena ikapinda kama mwanzi.

Chini ikapigwa yowe moja, nikajua leo nalala bila ngozi.

Nilipoteremka, kioo kina chenga tupu na watu arobaini wananitazama. Mzee Dinkar ndiye aliyetoa hukumu: "Kwanza ilizimika ikawa nyeusi tii! Huyu antena kaigusisha waya wa umeme, umeme ukarudi nyuma!"

Mtu wa reli, nani atambishia? Nikachapwa kwa zamu.

Na kishada sikukipata.

Sasa swali likabaki: Vasanti alikunywa au hakunywa?

Mtasema si wangeuliza mitaa mingine. Waliuliza! Tatizo kila mtu alikuwa na shemeji aliyeiona, na kila shemeji ana mwisho wake. Shemeji wa Mzee Dinkar alisema kanywa, sumu ikageuka maziwa. Shemeji wa Mama Shevanta alisema kamwagia ami usoni. Mtaa ukagawanyika: Wanywaji na Wamwagaji.

Jumapili iliyofuata wakaja kwa Bibi kubishana. Na iliyofuata. Bibi anawapikia pohe, ule mchele wa kupondwa, anawapa chai, anawasha udi wake mbele ya televisheni, wanabishana mpaka saa sita. Kila nyumba ikaja kuwa na televisheni ya rangi, vijana wakapotea mmoja mmoja, lakini wazee kumi na kitu hawakuacha. Miaka kumi na minane!

Na kila ubishi ulimalizika hivi: "Tungejua, kama si huyu Antena."

Nilizoea. Mpaka mwaka huu.

Mwaka huu akaja mzee mmoja kutoka mji jirani wa Jalgaon kunichunguza, anioze binti yake. Binti nilishamwona, na moyo ulishahama. Mzee akapotea njia, akauliza kwa Nachiket, akaambiwa, "Aaa, Antena!" Akasimuliwa yote, na chumvi juu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Mtu aliyeshindwa kushika bomba la bati nusu saa, ataweza kushika ndoa?"

Akasema atafikiria. Mnajua wazee wakisema watafikiria.

Nikaapa hili jina nalizika. Nikazunguka mji mzima, mpaka kwa Pralhad, mpiga video za harusi anayefunga duka. Nikafukua makasha matatu ya kanda, vumbi mpaka kwenye meno. Chini kabisa, kanda moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu: VASANTI, MWISHO. USIFUTE.

Nilimbusu Pralhad kipara.

Akaniazima na deki yake, na kanda mbili tatu za kupimia. Ile yenyewe sikuitazama. Nilitaka tuione pamoja, mtaa mzima, na nikimaliza nisimame niseme: naitwa Nachiket.

Habari zikaenea kama moto. Wanywaji na Wamwagaji wakawekeana dau. Mzee Dinkar akaapa, kama Vasanti alimwaga, yeye ananyoa masharubu hadharani. Mama Shevanta akaanza kunoa wembe siku hiyohiyo.

Aliyenishangaza ni Bibi.

"Kanda za zamani zinaleta kikohozi," akasema Jumatano.

Alhamisi: "Jumapili ni siku mbaya, mwezi umekaa vibaya."

Ijumaa nikakuta waya wa deki kwenye pipa la mchele.

"Bibi, huu umefikaje humu?"

"Panya."

"Panya kafunua pipa, kaweka waya, kafunika?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Nikasema uzee. Nikajikausha.

Jumapili ikafika. Wamerudi wote! Waliohamia mjini wamekuja na watoto wao, wameoga, viatu vimejaa mpaka barabarani. Televisheni ileile ya milango ya mbao, bado inawaka. Bibi kavaa sari nyeupe iliyopigwa pasi, akavisha shada, akazungusha taa.

Nikabonyeza.

Ngoma zikalia. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Vasanti uso. Kumbe ana pua kubwa! Lakini nilipomsikia analia, nikawa juu ya paa tena.

Watu wazima wanafuta machozi. Mtoto mmoja akacheka shuka la bahari, akapigwa kofi na watu watatu wasiomjua.

"Mama, nipe nguvu," akasema Vasanti.

Kikombe kikapanda...

Kioo kikazimika. Nyeusi tii.

Yowe lililopigwa, treni ya mizigo ilipunguza mwendo.

"ANTENA!" Mzee Dinkar huyo. "Umefanya nini tena?"

Nikachomoka mbio kwenda kwenye sanduku la umeme, ukumbini nyuma ya jiko. Nikamkuta Bibi kasimama kando yake, mkono kauficha kwenye pindo la sari.

"Umeme umekatika," akasema.

"Bibi, fungua mkono."

"Mkono wa mtu mzima haufunguliwi na mtoto."

"Bibi."

Akafungua. Fyuzi ya kauri, nyeupe, imelala kiganjani kama yai.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Antena ikianguka, televisheni inatoa chenga. Haizimi! Nyeusi tii ni umeme. Nimeuza simu na redio miaka sita, na siku zote hizo sijawahi kukaa chini nikaliwaza hilo.

"Bibi... mwaka ule, nikiwa juu ya paa..."

Akatazama sakafu. "Nilitoa, nikarudisha. Ukaja wewe na antena yako iliyopinda. Nilidhani watakusema wiki moja tu."

"Wiki moja! Bibi, mimi nimekosa mke!"

"Mke gani? Yule baba yake mwenye maneno kama kisu? Amekukinga mungu."

"Kwa nini lakini?"

Sebuleni wanapiga kelele kama soko la samaki.

"Nachiket," akasema. Bibi huwa haniiti Nachiket. "Siku sita mimi ni mjane. Wakinikuta njiani asubuhi wanavuka upande wa pili. Jumapili saa tatu wanainamisha vichwa, mimi ndiye nimeshika taa. Kipindi kikiisha, Jumapili inayofuata watakuja kwangu kufanya nini?"



Akanyoosha mkono, akaniwekea fyuzi kiganjani. "Nenda kawaambie. Jina ni lako. Sitakukana."

Nikarudi sebuleni, fyuzi mfukoni. Watu arobaini. Masharubu ya Mzee Dinkar yanatetemeka. Mama Shevanta kashika wembe.

Neno moja tu, na Antena anazikwa.

Nikawapa mgongo, nikainama kwenye deki kama fundi. Nikachukua moja ya zile kanda za kupimia za Pralhad, nikaichomoa utumbo wake wote nje, nikageuka nimeunyanyua kama tambi.

"Wazee wangu," nikasema, "mashine imekula mkanda. Nilibonyeza vibaya. Na ikapiga shoti."



Nikatukanwa matusi ambayo nilidhani yalikufa na Waingereza. Mama Shevanta alitaka kunipiga ndala, akakumbuka ziko mlangoni, akainuka akaenda kuzitafuta zake kati ya jozi arobaini, akarudi akanipiga.

"Lakini mliona?" akasema Mzee Dinkar, kashikilia masharubu yake salama. "Kikombe kiligusa mdomo! Kanywa!"

"Kiligusa kidevu!" akajibu Mama Shevanta. "Alikuwa anavuta mkono amwage!"

Wakaanza. Na vijana waliokuja kutoka mjini nao wakaingia, kila mmoja na upande wake. Nikarudisha fyuzi kimyakimya, feni ikazunguka. Bibi akatoka na sinia la chai, akachoma udi mwingine mbele ya kioo kisicho na kitu.

"Jumapili ijayo nakuja na shemeji yangu mwenyewe," akasema Mama Shevanta. "Aseme kwa mdomo wake!"

"Mlete," akasema Bibi. "Chai ipo."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafunga deki nimrudishie Pralhad. Bibi kakaa kitini, anachambua mchele kwenye ungo.

"Weka," akasema.

"Bibi?"

"Weka tumalizie. Sisi wawili. Tutakufa nayo."

Nikaweka. Vasanti kashika kikombe. Kinapanda, kinagusa mdomo, mkono unavutwa...

Krrrrr.

Tarumbeta! Jamaa mnene wa suti anacheza katikati ya barabara, suruali inamteremka, anaivuta, inateremka.

Harusi. Pralhad, na kalamu yake nyekundu ya USIFUTE, alifuta mwenyewe akarekodi harusi ya watu.

Bibi alicheka mpaka akashika meno yake yasidondoke. "Kumbe fyuzi nimeitoa bure!"

Nikanyanyuka kuzima.

"Acha."

Akavuta kiti mpaka karibu na kioo. Akaiangalia harusi ile yote, ya watu asiowajua. Bwana harusi juu ya farasi, bi harusi anainama, mashada yanabadilishwa. Wageni walipowarushia maharusi mchele, Bibi alichota mchele kidogo kwenye ungo wake, akaurusha kwenye kioo.

"Tangu babu yako afe," akasema, "hii ndiyo harusi ya kwanza nimekaa mbele."

Nikachota mchele kwenye ungo wake, nikaurusha na mimi.

Basi ndugu zangu, yule binti wa Jalgaon kaolewa na fundi bomba, na mimi bado ni Antena. Nikiitwa naitika, tena kwa sauti.

Nilichojifunza ni hiki: ukibebeshwa lawama isiyo yako, kabla hujapiga kelele, angalia kwanza nani kashika fyuzi, na kwa nini anaogopa kipindi kuisha.

Na kama una shemeji aliyeiona sehemu ya mwisho ya Vasanti, nakuomba, mwambie anyamaze.