Pete ya Rangi na Maji ya Udhu

Sikupata kusoma. Maneno haya yanaandikwa na mjukuu wangu wa kike, nami nimemkataza kuyapamba.

Mwaka aliopata nafasi katika chuo cha uuguzi, aliniletea pete kutoka Ikwiriri. Pete niliyoizoea ni ya fedha yenye akiki. Hii ilikuwa na kioo chenye kugeuka rangi. Karatasi yake ilisema buluu ni utulivu, nyeusi ni ghadhabu au huzuni. Nikaivaa ili kumridhisha.

Kila alfajiri, nikimaliza kuswali, alikishika kidole changu akakitazama kioo. Cheusi. Siku ya nne, ambayo ndiyo ya safari, nilimkuta anatoa nguo begini.

"Mbona unalifungua?"

"Siendi, mume wangu," akasema, kwa ule utani wetu wa babu na mjukuu, ila hakucheka. "Radhi umenipa kwa mdomo. Moyo umekataa."

"Moyo wangu umeusomea wapi?"

"Kidoleni."

Nikamwamuru anieleze kitu hicho kinavyofanya kazi, maana msomi ni yeye. Akaeleza huku amenuna: pete hizo zilizuka Marekani nilipokuwa kijana, watu wakazigombea. Ndani ya kioo mna kimiminika cha fuwele. Chembe zake hujipinda kwa joto la mwili, na nuru ikarudi kwa rangi nyingine. Mwenye hofu au huzuni damu humkimbia vidoleni, vikapoa.

"Basi inapima joto tu."

"Joto tu."

"Nami nikitawadha, pete naifanyaje?"

Akaitazama pete. Alijua, kwani nilimfundisha mwenyewe: mwenye pete huizungusha ili maji yapite chini yake. Na mtungi wetu hulala nje, alfajiri maji yake ni baridi.

Alicheka hata akakaa chini. Kisha akaufumbata mkono wangu kwa viganja viwili, akasubiri. Kioo kikawa kijani, halafu buluu.

"Sasa umeniridhia."

"Sasa umenipasha moto. Kuridhia niliridhia tangu barua ya chuo ilipofika. Funga begi, basi halikungoji."

Nikamsindikiza hadi barabarani. Sikumwambia kwamba siku zile nne nilikuwa na huzuni kweli, na kwamba pete, pasipo kujua, haikukosea. Namwambia leo. Ameiweka kalamu chini, ananitazama. Nimemwambia aiokote, sijamaliza: huzuni ile haikuwa ya kumzuia.