Nyumba Hii Haiuzishwe

Mtu aliyelia kuliko sisi wote kwenye matanga ya mama hakuwa ndugu yetu. Ilikuwa siku ya tatu, tumekaa chini ya turubai, naye akaingia na kitambaa machoni, akanishika mikono yote miwili, akaketi katikati ya wajomba. Alikula wali na sombe ya majani ya muhogo kama mwenye msiba. Kisha akamwinamia shangazi, akamuuliza polepole: "Marehemu ameacha watoto wangapi? Na hii parsele, fishi iko kwa jina ya nani?" Parsele kwetu ni kiwanja na nyumba yake, na fishi ni karatasi yake. Shangazi, Mungu amsamehe, akamjibu yote. Kumbe yule bwana alikuwa komisioneri, yaani dalali wa nyumba.

Nilipoambiwa, nilitaka kumtapisha ule wali.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, inatazama barabara, na kwa miaka mingi nimewaona watu hawa wakifanya kazi yao hapa Kindu. Hawahangaiki na matangazo. Wanakaa hospitalini kwenye benchi ya wanaosubiri, maana mwenye mgonjwa ana haraka. Wanashinda bandarini, waone nani anapakia vitanda na masufuria pamoja na nguo, kwa kuwa anayebeba kitanda harudi. Wanajua mume gani amefukuza mke, na nyumba gani majani yameota mpaka dirishani. Sokoni wananunua sabuni kwa mama fulani, na wakati wa kufungiwa wanauliza habari za jirani yake. Hawatafuti nyumba, wale. Wanatafuta mtu aliyechoka.

Na ujanja huu haukuanza jana. Wakati wa vita, mji wetu ulipofungwa, treni ilikoma kuja na shambani hakuendeki, nilikuwa msichana mwenye akili zangu, na mdogo wangu bado yuko mgongoni mwa mama. Akaja mtu anasukuma baiskeli, nyuma amefunga gunia la chumvi. Hakutangaza kitu. Aliingia uwanja baada ya uwanja akiomba maji ya kunywa, na pale alipopewa alikunywa taratibu huku macho yakiwa jikoni. Penye moshi alishukuru akaondoka. Pasipo na moshi alikaa.

Kwetu alikaa.

"Mama," akasema, "watu wote wanakimbia. Hizi nyumba zitabakia za nani? Unipe fishi, mimi nikupe chumvi na sabuni, upate nguvu ya kwenda na watoto."

Mama alimtazama mpaka kikombe kikaisha. "Maji umekunywa," akamwambia. "Sasa kwenda."

Jirani yetu alikubali. Niliwaona watoto wake wanalamba chumvi viganjani, nasi tunameza sombe isiyo na kitu, na nitasema ukweli: juma lile nilimchukia mama. Nilimchukia kabisa. Vita vilipotulia, jirani yule alirudi, akasimama barabarani mbele ya nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, akabisha hodi kama mgeni. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kumchukia mama. Nikaapa nyumba yetu haitatoka mikononi mwetu, nami nikiwa hai.

Basi baada ya matanga zikaanza simu. Asubuhi simu, mchana simu. "Pole mama, tunasikia muko na parsele." Nani kawapa namba yangu? Wanacheka tu. Nikasema, eh, munanijua vibaya. Kwetu mtu akiogopa nyumba yake isiuzwe kwa mlango wa nyuma, anaandika ukutani. Nilinunua rangi nyekundu, nikapanda juu ya kiti, nikaandika mwenyewe herufi kubwa kama watoto: NYUMBA HII HAIUZISHWE, yaani haiuzwi. Niliposhuka, mkono unauma, nilijiona jenerali.

Juma lile lile wakaja watatu! Wa tatu ndiye yule mliaji wa matangani, shati limepigwa pasi.

"Wewe hujui kusoma?" nikamuuliza.

"Najua sana, mama. Kusoma njo kazi yangu." Akatabasamu. "Nyumba yenye watu wanasikilizana, nani atapoteza rangi kwa kuiandika? Ukuta wako umeniambia ndani iko mubishano. Iko mumoja anakataa, na iko mwengine anataka. Wewe njo unakataa. Nilibakia kutafuta mwenye anataka."

"Na umemupata?"

"Kalima," akasema.

Kalima, kwenye machimbo, ndiko aliko mdogo wangu, anachimba kasiterite, mawe ya bati. Mama alituzaa wawili tu, na nyumba ya marehemu haiuzwi mpaka watoto wote watie sahihi mbele ya wakubwa wa jamaa. Mimi nilikuwa nimelinda ukuta. Mtu wangu nilimwacha bila mlinzi.

Jumamosi iliyofuata walikuja pamoja. Mdogo wangu alikuwa amekonda, kucha nyeusi kwa udongo wa mashimo, na alisimama mlangoni akingoja kukaribishwa katika nyumba alimozaliwa. Komisioneri akaweka karatasi mezani na kalamu juu yake. Mjomba, mkubwa wa jamaa, alikaa nao.

Nikapasuka. Nilisema mama alikula sombe bila chumvi kwa ajili ya kuta hizi. Nilisema wewe ulikuwa mgongoni, unajua nini wewe? Nikamwita muuzaji wa kaburi la mama yake. Nilisema mengine ambayo siyaandiki.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Yaya, dada yangu mkubwa, huyu bwana ananipigia simu kila juma. Shimo liliponiangukia mguu, njo yeye aliniuliza kama nimepona. Wewe tangu matanga umenipigia mara ngapi?"

Nilitafuta hata mara moja. Sikuipata.

Haya ilinichoma mpaka masikioni. Komisioneri alikuwa anaangalia kucha zake kwa adabu, na nikaelewa kazi yake yote: alimtafuta aliyechoka, akamuuliza hali. Basi. Mimi nilimshinda yule bwana kwa hasira tu.

"Hata mara moja," nikasema. "Umesema kweli, na unisamehe. Lakini sahihi sitii. Leo sitii, na mwaka ujao munikute hapa hapa." Nikaishika karatasi yao, nikaikunja, nikaiweka mkononi mwa yule bwana. "Wewe, toka kwetu."

Hakukasirika. "Nitarudi, mama," akasema, akanyoosha shati, akaenda zake.

Nilimwonyesha mdogo wangu chumba cha mama, nikamwambia ni chake, ufunguo huu hapa. Alilala kwetu siku nne, nikamkanda mguu kwa maji ya moto. Hatukusema habari za nyumba. Siku ya kuondoka alisema kwamba kwa sasa ataacha habari ya kuuza, kwa sasa tu, na mimi sikumbembeleza aongeze neno.

Tangu hapo nampigia kila Jumapili baada ya misa. Namuuliza mguu, shimo, kama amekula. Jumapili iliyopita simu yake ilikuwa inatumika. Nikajua ni nani amenitangulia. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Nilivua viatu, nikakaa barazani na nguo zangu za kanisa, nikapiga, nikapiga, mpaka akaniitikia mimi.