Viatu vya Tonton Chini ya Kulungu

Mwalimu wetu wa kupiga picha alitutangazia kwamba Jumapili tungepanda mlimani, kwenye hifadhi ya Ardenne huku Ulaya, majani ya miti yakiwa yamegeuka rangi. Mimi nimezaliwa Goma, chini ya volkano. Tulipofika nikamuuliza mlima uko wapi.

"Umesimama juu yake," akasema, kwa upole wa mtu aliyenichoka tangu somo la kwanza, nilipotaka kujua nani aliamua kwamba picha nzuri hugawanywa sehemu tatu na si nne.

Mwisho wa kozi kila mwanafunzi angetundika picha moja katika ukumbi huko Saint-Josse. Mimi nilikuwa nimeshajitapa kwamba nitatundika kulungu dume na pembe zake zote. Nilijitapa darasani, kwa wasusi wa maduka ya Galerie d'Ixelles, na kwa mama kwenye simu. Nilikuwa na filamu moja tu ya kamera, ya picha chache, na Jumapili hiyo moja.

Kamera ilikuwa ya tonton, mjomba wangu, mdogo wake mama. Hakuwa mtu wa kuiazimisha. Kamera ikisafiri, naye husafiri. Alikuja na suti ya kanisani ya rangi ya divai na viatu vyenye ncha. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi za Wakongomani wa mtaa wa Evere, na sheria yake ilikuwa moja: miguu ionekane. Binamu yangu aliwahi kutuma nyumbani picha iliyoishia kifuani. Shangazi akalia siku mbili, akiuliza Ulaya imeifanya nini miguu ya mtoto wake.

"Bon, nipige hapa," alisema kwenye kila mti. "Mama yako aone huku hata miti inavaa."

"Tonton, filamu ni moja."

"Na tonton yako ni mumoja."

Karibu saa sita kulungu akatokea, magugu yakimfika tumboni. Nikainua kamera.

"Ngoja!" tonton akanong'ona. "Miguu haionekane."

"Tonton, huyu ni mnyama."

"Nyama hana miguu? Ngoja atoke mu majani."

Na mimi, niliyemhoji kila mwalimu tangu chekechea, nikangoja. Kulungu akaenda zake. Mpaka leo sijapata maelezo.

Tonton na miti yake wakala filamu, ikabaki picha moja.

"Alors, ya mwisho ni ya mimi," akasema. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Akasimama mkono kwenye shina, kidevu juu, bila tabasamu. Nikaishika kamera wima, nikarudi nyuma hadi viatu vikaingia. Ndipo kulungu yuleyule akatoka kwenye mteremko nyuma yake, mzima mzima, akasimama, ukichungulia kwenye kamera, juu kidogo ya bega lake.

"Tonton, usitikisike."

"Muntu mwenye anasimamisha maharusi," akajibu bila kusogeza midomo, "utamwambia asitikisike?"

Nyuma yangu kulikuwa na mti. Sikuweza kurudi zaidi. Ama viatu, ama pembe. Nikainua kamera kidogo, nikabonyeza. Kulungu akaruka, tonton akaruka zaidi.

"Viatu vimeingia?"

"Vimeingia, tonton."

Siku ya maonyesho alikuja na wasusi watatu. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu nyama umemupa miguu yote ine. Mimi, damu yako, umenikata mu magoti."

Tonton akainama, akavua viatu, akavipanga sakafuni chini ya picha, ncha zikitazama watu. Kisha akazunguka ukumbi na soksi, akisalimia. Mwalimu akasimama mbele ya viatu, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniambia hatimaye nimethubutu kuitoa picha nje ya fremu yake.

Tonton alinilazimisha nipige picha ya vyote pamoja, kulungu, yeye na viatu, nimpelekee mama. Mama akapiga simu. Kulungu hakumtaja.

"Weye," alisema, "juu ya nini viatu viko mbali na tonton yako hivi?"